Sarafu, Nakala na Uongo

Sarafu ni kitu kidogo kilichobeba neno kubwa. Kipande cha madini kisicho na maandishi chaweza kupimwa, kuyeyushwa na kufuliwa pete au bangili, wala hakimwambii mtu lolote. Lakini mara kipigwapo chapa huanza kusema. Husema ni nani aliyekifanya, mwaka gani, na kwa thamani gani, ili akipokeaye asiwe na haja ya kukitia katika mizani tena. Kwa hiyo sarafu ni usemi, na kila usemi waweza kuwa wa kweli au wa uongo. Hapo ndipo lizukapo swali: je, nakala ya sarafu, yaani ile iliyotengenezwa baadaye kwa kuifuata ya asili, ni uongo kwa kuwako kwake tu, au uongo huiingia baadaye kwa mlango mwingine? Na mtu aitambuaye nakala ana wajibu gani kwa yule aishikaye akidhani ni ya asili?

Swali hili laweza kudhaniwa kuwa la matajiri wakusanyao vitu vya kale katika miji ya mbali. Sivyo. Mwambao wa Ziwa Tanganyika, baina ya Ujiji na Kigoma, una mifano ya kutosha kumfikirisha mtu yeyote apendaye kujua kweli inakaa wapi katika vitu.

Kabla ya sarafu kuzoewa Ujiji, soko la mji ule lilikuwa na fedha yake. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyefika huko mwaka 1874, alieleza juu ya shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko ya shanga hizo waliwabadilishia wanunuzi kwa shanga za namna nyingine; soko lilipofungwa, wakazipokea tena kwa wauzaji, wakapata faida ya kwenda na faida ya kurudi. Shanga hizo hazikuwa na mwaka, wala jina la mfalme, wala ahadi ya uzito. Thamani yake ilikuwa mapatano ya watu waliokutana sokoni. Shanga iliyokataliwa haikuitwa ya uongo. Iliitwa isiyotakiwa, basi. Jambo hili lafundisha somo la kwanza, nalo ni kwamba uongo hauwezi kukaa mahali pasipo na dai. Kitu kisichodai kuwa kingine hakiwezi kumdanganya mtu, hata kikifanana na vingine elfu.

Fedha za pwani zilikuwa na madai. Watu wa pwani waliziita reale, wakazipambanua kwa majina. Reale ya mzinga ilikuwa fedha ya Kihispania iliyopigwa chapa ya nguzo mbili. Jicho la Mswahili liliona katika nguzo zile mizinga miwili, na jina likakaa. Fedha hiyo hiyo ndiyo iliyotumika sana katika makoloni ya Waingereza huko Marekani, na hata baada ya makoloni hayo kuwa dola huru iliendelea kukubaliwa kwa sheria mpaka mwaka 1857. Reale ya Sham nayo ilikuwa fedha ya Malkia Maria Theresa wa Austria, aliyefariki mwaka 1780. Mwaka wa kifo chake haukuondoka tena juu ya fedha yake. Reale zilizopigwa Vienna katika karne ya 19 zasema 1780. Zilizopigwa Rome, London na Bombay katika karne ya 20 zasema 1780 vilevile. Marekani nako kulitokea jambo la namna hiyo. Koloni la Massachusetts lilianza kupiga shilingi zake mwaka 1652, likaendelea kwa muda wa miaka 30 hivi, na shilingi zenye picha ya msonobari zikabaki na mwaka 1652 hata zilipopigwa muda mrefu baadaye.

Je, fedha hizo zilisema uongo? Mtu mwepesi wa kuhukumu atajibu kuwa ndiyo, kwa kuwa mwaka ulioandikwa sio mwaka wa kupigwa kwake. Lakini mfanyabiashara aliyehesabu lulu za pambo la malkia kabla ya kupokea reale hakutaka kujua mwaka. Alitaka kujua kama fedha ile ina uzito wa gramu 28 na ushei, na kama sehemu 833 katika kila 1,000 za uzito huo ni fedha safi. Ahadi hiyo ilitimizwa na reale ya Vienna, na ikatimizwa na reale ya London. Mwaka 1780 ulikuwa umeacha kuwa tarehe, umekuwa alama. Lakini leo mtu akiichukua reale iliyopigwa London katika karne ya 20 na kumwuzia mwanachuo akisema kuwa ilipigwa malkia angali hai, fedha ile ile isiyobadilika hata chembe imegeuka kuwa shahidi wa uongo. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa, na jibu lililotolewa kwa niaba yake. Hili ndilo somo la pili: kitu kimoja chaweza kuwa kweli mbele ya swali moja na uongo mbele ya swali jingine.

Mfano ulio karibu zaidi na Kigoma ni sarafu ya dhahabu ya Tabora. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na mwaka huo huo vita vikuu vikaanza. Meli za Waingereza zilifunga bahari, na serikali ya koloni la Wajerumani ikakosa fedha za kuwalipa askari na wachukuzi wake. Ndipo mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ilipogeuzwa kiwanda cha kupigia fedha. Kwa shaba iliyookotwa huku na huku zilitolewa sarafu za heller 5 na 20. Kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke ilitolewa sarafu ya rupia 15. Upande mmoja ina tai wa Dola ya Ujerumani. Upande wa pili ina tembo aliyeinua mkonga, na milima nyuma yake. Zilipigwa 16,198, nazo ni za aina mbili: katika moja ncha ya pambo huishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA, katika nyingine huishia chini ya herufi A. Mwezi Julai 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma, na tarehe 19 Septemba wakaitwaa Tabora. Kazi ya kiwanda kile ikawa imekwisha.

Yafaa kuitazama dhahabu yenyewe. Rupia 15 zilihesabiwa kuwa sawa na mark 20, na sarafu ya dhahabu ya mark 20 ya Ujerumani ilikuwa na dhahabu safi kiasi cha gramu 7.17. Sarafu ya Tabora yote nzima ina uzito huo, lakini dhahabu safi iliyomo ni robo tatu tu, yaani gramu 5.4 hivi. Hivyo sarafu ya asili, isiyo na shaka, ilidai thamani iliyozidi dhahabu yake. Ilikuwa mtoto wa shida ya vita, na wala haikuficha jambo hilo kwa mwenye mizani. Sasa na awaziwe sonara hodari wa zama hizi, atengenezaye nakala ya sarafu hiyo kwa dhahabu iliyo safi zaidi. Nakala yake itakuwa na dhahabu nyingi kuliko ya asili, na pengine itang'aa zaidi. Hata hivyo, hakuna mtu mwenye akili atakayesema kuwa imekuwa ya asili kwa sababu ya wingi wa dhahabu. Basi uasili haukai katika madini. Unakaa katika historia: katika ukweli kwamba kipande hiki, wala si kingine, kilikuwa Tabora mwaka ule, chini ya nyundo ile, katika njaa ya fedha ile.

Kwa sababu historia haionekani kwa macho, mtambuzi hana budi kuitafuta kwa alama zake. Huanza kwa mizani, kwa kuwa nakala nyingi huanguka hapo. Hupima upana na unene. Huitia sarafu majini ili kuulinganisha uzito wake na nafasi inayoichukua, na kwa njia hiyo huyajua madini bila kuyakwaruza. Kisha huutazama ukingo, maana sarafu iliyomiminwa katika kalibu aghalabu huacha mshono pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Huzitazama herufi kwa kioo cha kukuzia: zilizopigwa kwa nyundo zina kingo kali, zilizomiminwa huwa laini kama sabuni iliyotumika, na baina yake huonekana vitundu vidogo vya hewa. Sarafu ya Tabora isiyokubaliana na mojawapo ya aina mbili zijulikanazo huamsha shaka papo hapo. Lakini alama iliyo nzito kuliko zote ni hii: sarafu mbili zikikutwa na mkwaruzo mmoja, mahali pamoja, wa urefu mmoja, basi moja ni mtoto wa nyingine, au zote mbili ni watoto wa ya tatu. Kila sarafu ya kweli hupata majeraha yake peke yake katika mifuko na masanduku iliyopita. Nakala huzaliwa na majeraha ya mwingine.

Hapa baadhi ya watu hufikia hukumu ya haraka, wakasema kuwa nakala zote zichukiwe na watengenezaji wote walaaniwe. Hukumu hii haiwezi kusimama Ujiji. Katika mji huo kuna mahali pa ukumbusho pa kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871. Mwembe waliokutana chini yake ulikufa zamani, na miembe isimamayo pale leo husemwa kuwa imetokana na matawi yake kwa kupandikizwa. Mgeni aambiwapo kwamba huu ni mwembe wa ukoo wa ule wa kwanza, hakudanganywa. Amepewa kivuli na ukumbusho. Aambiwapo kwamba huu ndio wenyewe, ameibiwa, ijapokuwa hakutoa hata senti moja. Mti ni ule ule, kivuli ni kile kile. Neno moja limeongezwa, na kweli imetoka.

Wala meli iliyozoewa na watu wa Kigoma haiko nje ya fumbo hili. Iliundwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa, ikaletwa vipande vipande kwa meli na reli, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasije wakawaachia adui. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari kwa jina la Liemba. Baadaye hata mitambo yake ya mvuke iliondolewa ikatiwa ya dizeli. Jina si lile, mitambo si ile, bendera si ile. Walakini hakuna aiitaye nakala, maana uzi wa maisha yake haukukatika, na kila badiliko lilifanywa waziwazi. Meli iliyobadilishwa sana imebaki ya asili, na sarafu isiyopungua hata nukta moja ya mfano wake imekuwa nakala. Kufanana, basi, si hoja. Hoja ni mwendelezo wa maisha ya kitu, na uwazi wa wale wakielezao.

Marekani walijifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka 1856 Thomas Wyatt wa New York alitengeneza nakala za zile fedha za Massachusetts, nazo zikaenezwa kwa hadithi ya hazina iliyofukuliwa. Uongo wake ulijulikana, maana njia ya mwongo ni fupi. Lakini ajabu ni kwamba nakala zile nazo leo hukusanywa, zikiitwa kwa jina lake. Zilipoacha kudai kuwa za karne ya 17 zilipata heshima ya kuwa za 1856. Tena mwaka 1973 nchi hiyo ilitunga sheria kwamba kila nakala ya sarafu itengenezwayo ipigwe neno lenye maana ya nakala juu ya uso wake. Sheria hiyo haikumkataza fundi kuiga, ilimtaka akiri. Neno moja dogo latosha kumtenga fundi na mdanganyifu, ijapokuwa mikono yao yafanya kazi moja.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya swali yaweza kujibiwa. Nakala si uongo kwa kuwako kwake. Uongo huiingia kwa ulimi wa mtu, au kwa kunyamaza kwake pale ulimi unapotakiwa kusema. Lakini jibu hili laifanya sehemu ya pili kuwa ngumu zaidi, kwa sababu laondoa lawama juu ya madini na kuiweka juu ya watu. Na miongoni mwa watu hao yumo mtambuzi mwenyewe.

Na uchukuliwe mfano. Bibi mmoja wa Ujiji ana sarafu ya tembo ndani ya kitambaa, katika kikasha alichoachiwa na marehemu mumewe. Mjukuu wake amepata nafasi ya masomo na ada haijapatikana. Msafiri apitaye ameiona sarafu, ameiamini, na ameahidi bei ya sarafu ya asili. Kijana wa jirani, aliyesoma mambo ya kale, amekuja kusalimu. Ameamkia shikamoo, ameitikiwa marahaba, na bibi amemtia sarafu mkononi akisema, “Hebu mwanangu, itazame mali ya babu yako.” Kijana ameuona mshono katika ukingo. Msafiri hakumwuliza lolote. Bibi naye hakuuliza kama ni ya kweli; ameomba itazamwe tu. Je, aseme au anyamaze?

Hoja za kunyamaza si dhaifu. Msafiri ni mtu mwenye uwezo, na hasara yake itakuwa ndogo. Mjukuu ni maskini, na faida yake itakuwa maisha mazima. Bibi hakukusudia udanganyifu, wala babu hakujua. Kusema ni kumvunja moyo mzee na kumtia doa marehemu asiyeweza kujitetea. Mtu aweza kuuliza: ni kweli gani hii iliyo na thamani kuliko elimu ya mtoto?

Hoja hizo zagusa moyo, lakini zina ufa mahali pamoja. Zinamhesabu msafiri, zinamhesabu mjukuu, zinamsahau bibi. Kijana anyamazapo hamwachi bibi katika amani yake. Anamfanya kinywa cha uongo wa mtu mwingine. Yule aliyeimimina sarafu ile katika kalibu, mahali fulani, siku fulani, aliunda uongo ambao haujakamilika mpaka upate mtu mwaminifu wa kuusema. Bibi ndiye mtu huyo. Heshima yake ya miaka mingi, kule kuaminiwa kwake na jirani na mgeni, ndiko kutakakolipa bei ya sarafu. Anyamazaye mbele ya jambo hili amemwuza bibi, ijapokuwa kwa nia njema. Tena lipo jambo la wale watakaokuja. Nakala iliyouzwa kama asili haikomi kusema pale iuzwapo. Itaingia katika sanduku la mkusanyaji, pengine katika nyumba ya makumbusho, na mwanachuo wa kesho ataipima na kuandika jambo la Tabora ambalo halikutokea Tabora.

Basi hapana budi aseme. Lakini namna ya kusema nayo ni sehemu ya kweli. Kwanza, apime kabla ya kunena. Mtambuzi aliye mwepesi wa kuita kitu cha watu bandia aweza kuwa mwongo kuliko kalibu. Pili, amwambie bibi peke yake, wala si mbele ya mgeni, ili uamuzi wa kumwambia mgeni uwe wake na sifa ya uaminifu iwe yake pia. Tatu, asiiondolee sarafu zaidi ya ile iliyokuwa haina. Aseme kwamba haikutoka Tabora mwaka 1916. Asiseme kwamba haina kitu. Sarafu ile haiwezi kushuhudia vita vile, lakini yashuhudia bila kosa kwamba mume aliificha na mke akaitunza. Katika jambo hilo ni ya asili, na haina nakala duniani.

Yabaki neno moja ambalo wahubiri wa ukweli hupenda kuliruka. Ukweli haulipi ada. Kijana akisha kusema, mgeni ataondoka na fedha zake, na mjukuu atabaki na barua yake ya nafasi mkononi. Mtu aliyesema kweli kisha akaenda zake, ameridhika na usafi wake mwenyewe, amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo nzito. Akiwa ameuondoa mlango mmoja wa msaada, amejitwika sehemu ya kuutafuta mwingine: kukaa na wazee wa mtaa, kuandika maombi, kutoa kidogo alicho nacho. Asipofanya hivyo, bibi atakuwa na haki ya kusema kwamba uongo ulimtazama mjukuu wake kwa macho mema kuliko kweli.

Juu ya ukingo wa reale ya Sham yameandikwa kwa Kilatini maneno mawili yaliyokuwa shiari ya malkia yule: haki na huruma. Yamewekwa ukingoni ili mwizi asiweze kuchonga fedha pembeni bila kuyaharibu. Mikono mingi ya pwani iliyapitisha maneno hayo bila kuyasoma. Atambuaye nakala anayahitaji yote mawili, la kwanza lisimame mdomoni mwake asemapo, na la pili limzuie asiondoke upesi baada ya kusema.